Kutengeneza takwimu rasmi za biashara kutokana na kumbukumbu za kiutawala: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila mwezi wafanyabiashara hujaza ritani (fomu za kutangaza kodi) za VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hupeleka orodha za mishahara kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, hutoa matamko forodhani, huhuisha leseni na kuwasilisha hesabu kwa msajili wa kampuni. Ofisi ya takwimu ikimpelekea mfanyabiashara huyohuyo dodoso la mauzo na idadi ya wafanyakazi, inamwuliza mara ya pili jambo ambalo serikali tayari inalo mkononi. Kutumia kumbukumbu zilizopo kunampunguzia yeye mzigo na kuipunguzia ofisi gharama. Pia kunatoa kile ambacho sampuli hushindwa kutoa: taarifa za karibu kila biashara iliyosajiliwa, hadi kwenye wilaya ndogo na shughuli adimu.

Lakini kumbukumbu hizo zimeandikwa kwa sheria ya kodi, ya forodha na ya hifadhi ya jamii. Neno "mauzo" kwenye ritani lina maana iliyopewa na sheria ya kodi, na mara nyingi maana hiyo si ile ya Mfumo wa Hesabu za Taifa, yaani kanuni za kimataifa za kupima uchumi wa nchi. Makosa mengi yanayoharibu takwimu za aina hii huanzia hapo: mtu ameona safu yenye jina analolifahamu, akadhani anajua kilichomo. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja, yaani takwimu za mauzo ya kila robo mwaka kwa shughuli za kiuchumi, zikitokana na ritani za VAT na kusaidiwa na orodha za mishahara. Utaratibu wenyewe unafaa pia kwa takwimu za ajira, za biashara zinazoanza na zinazofungwa, na za biashara ya nje.

Hatua ya 1: Chora jedwali tupu kabla ya kuomba data

Chora jedwali utakalochapisha, bila namba. Kisha andika mambo manne chini yake: unahesabu nini (biashara nzima, au kila kituo cha kazi peke yake), zipi zimo na zipi hazimo, mauzo maana yake nini, na kipindi ni kipi. Jedwali likiandikwa "mauzo ya robo mwaka ya kalenda, bila VAT, ya biashara zote zenye angalau mfanyakazi mmoja, kwa mkoa", tayari umegundua matatizo matatu: ritani nyingine hazifuati kalenda, VAT haimgusi kila mwenye mfanyakazi mmoja, na ritani hutaja makao makuu bila kutaja matawi. Ni afadhali kuyaona kwenye karatasi kuliko kuyaona wiki ya kuchapisha.

Hatua ya 2: Pata haki ya kisheria na makubaliano yenye meno

Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 29 Januari 2014, zinasema katika kanuni ya 5 kwamba data za takwimu zinaweza kutoka kwenye chanzo chochote, utafiti au kumbukumbu za kiutawala. Kanuni ya 6 inataka taarifa za mtu au kampuni moja zibaki siri na zitumike kwa takwimu tu. Kanuni hizi mbili hazitenganishwi. Data zinaingia ofisi ya takwimu, hazirudi. Afisa wa kodi akiomba kuonyeshwa biashara ambazo dodoso lenu limegundua zinauza zaidi ya zilivyotangaza, jibu ni hapana, na jibu hilo liwe limeandikwa kwenye sheria au kwenye hati ya makubaliano kabla swali halijaulizwa. Siku wafanyabiashara watakapoamini kwamba dodoso la takwimu ni jicho la mkusanya kodi, utapoteza madodoso bila kupata ritani zilizo bora zaidi.

Hati ya makubaliano itaje kila safu kwa jina, muundo wa faili, tarehe ya kupokea, njia iliyosimbwa ya kutuma, na jina la cheo cha mtu wa kupigiwa simu upande wa pili. Usiache kifungu cha taarifa ya mapema: fomu ikitaka kubadilishwa, ofisi ya takwimu iambiwe miezi 6 kabla, na ikiwezekana ikae kwenye kamati inayoibadilisha. Kifungu hicho ndicho kinachosahaulika zaidi na ndicho kinachogharimu zaidi.

Hatua ya 3: Jaza fomu mwenyewe

Chukua fomu tupu na maelekezo yake, uijaze kana kwamba una duka la jumla lenye matawi mawili, linalouza pia nje ya nchi, na ambalo mwezi huo limeuza gari lake la zamani. Andika kila mahali ulipokwama. Halafu kaa na karani anayepokea ritani umwulize mambo haya:

- Kisanduku kipi ni cha lazima, na mfumo unakataa nini?
- Ritani ikisahihishwa, ya zamani hufutwa au hubaki?
- Asiyewasilisha huandikiwa makadirio? Makadirio hayo yanakaa safu ileile na ritani halisi?
- Kiasi huandikwa kwa fedha kamili au kwa maelfu?
- Msimbo wa shughuli (namba inayoonyesha biashara inafanya nini) hujazwa na nani, lini, na hubadilishwa lini?

Kuna jambo moja litakalokuongoza popote uendako: kisanduku chenye athari kwenye kodi hukaguliwa, kisichokuwa nayo hujazwa ili fomu ipite. Ndiyo maana kiasi cha kodi huwa sahihi kuliko mauzo yasiyotozwa kodi, na mauzo huwa sahihi kuliko msimbo wa shughuli. Ukikuta msimbo mmoja umejaa isivyo kawaida, angalia kama ndio wa kwanza kwenye orodha ya kuchagua.

Hatua ya 4: Pokea faili kama mtunza ghala

Faili ghafi isiguswe. Ihifadhi mahali pasipoandikika, uifanyie kazi nakala. Kabla ya hesabu yoyote linganisha idadi ya rekodi, jumla ya mauzo na jumla ya kodi na zile ambazo mtoaji amekutumia kwa barua tofauti. Tofauti ya rekodi moja tu inatosha kusimamisha kazi na kupiga simu.

Namba ya mlipakodi isomwe kama maandishi, kamwe isiwe tarakimu. Ukifungua faili kwenye programu ya majedwali bila kuiambia hivyo, sufuri za mwanzo zinapotea na namba ndefu zinageuzwa au kukatwa tarakimu za mwisho. Biashara mbili tofauti zinaweza kuwa moja bila wewe kujua. Tarehe nazo ni mtego: 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine.

Chukua pia "picha" ya data katika siku maalumu, kwa mfano siku ya 45 na siku ya 90 baada ya robo kwisha, na uzitunze zote. Hifadhidata ya kodi huonyesha hali ya leo tu, ya jana imeshafutwa. Bila picha hizo huwezi kujua makadirio ya kwanza hukosea kwa kiasi gani, na hutaweza kurudia takwimu uliyochapisha mwaka uliopita mtu akikuuliza ilipatikanaje.

Hatua ya 5: Safisha, na kila badiliko liache alama

Anza na rekodi zilizojirudia. Biashara moja kwa kipindi kimoja inaweza kuwa na ritani ya awali na mbili za marekebisho. Katika mifumo mingine marekebisho yanachukua nafasi ya ya awali, katika mingine yanaandika tofauti tu. Ukichanganya haya mawili, unaweza kuhesabu mauzo mara mbili au kubaki na kipande kidogo. Jibu ulishalipata kwa karani hatua ya 3.

Kisha tenganisha sufuri na pengo. Ritani yenye sufuri ni jibu: biashara imesema haikuuza. Rekodi isiyokuwepo siyo jibu. Ukiweka sufuri kwenye kila pengo, uchumi utaonekana unaporomoka kila robo mpya inapotolewa na kufufuka baada ya miezi mitatu. Makadirio ya mamlaka ya mapato kwa wasiowasilisha yatoe kabisa. Mara nyingi hukadiriwa juu ili kumsukuma mtu aje, kwa hiyo hayapimi mauzo.

Kosa la maelfu lina sura yake. Gawanya mauzo ya sasa kwa ya robo iliyopita, na pia kwa ya robo kama hii mwaka jana. Uwiano ukiwa karibu na 1,000, au karibu na 0.001, shuku kwamba mtu ameandika kwa maelfu au ameacha kuandika kwa maelfu. Mipaka kama 650 hadi 1,350 hufaa kuanzia. Usirekebishe kwa uwiano peke yake. Tumia kodi kama shahidi: tuseme kiwango ni asilimia 20, mauzo yameandikwa 5,000 na kodi 1,000,000. Mauzo yote yakiwa ya kutozwa kodi, mauzo halisi ni 5,000,000. Kama kodi nayo ni 1,000, basi ama fomu nzima iko kwa maelfu, ama biashara imeanguka kweli. Hapo tazama orodha ya mishahara: kama wafanyakazi 40 bado wanalipwa, hawalipwi kwa mauzo ya 5,000.

Angalia pia biashara zinazotoa namba ileile robo nne mfululizo, zinazoandika sufuri robo tatu na kila kitu robo ya nne, na zenye mauzo hasi kwa sababu ya hati za kupunguza madai. Hizi za mwisho zinaweza kuwa sahihi kabisa. Marekebisho yote yaandikwe kwenye safu mpya, pembeni ya thamani ya asili, pamoja na msimbo wa sababu. Anza na kubwa: kosa moja kwenye biashara ya kumi bora huzidi makosa elfu ya vibanda.

Hatua ya 6: Geuza walipakodi kuwa biashara

Namba ya mlipakodi siyo biashara. Kwa walio wengi, wadogo na wa kati, moja ni moja na hakuna la kufanya. Shida iko kwa wachache walio wakubwa. Kundi la kampuni tano linaweza kuwasilisha ritani moja kwa niaba ya zote, na kundi jingine likawa na namba nne kwa shughuli ambayo kiuchumi ni moja, kampuni moja ikimiliki majengo, ya pili ikiajiri, ya tatu ikiuza. Ukisoma rekodi zake kama zilivyo, utaona kampuni yenye wafanyakazi 900 bila mauzo na nyingine yenye mauzo makubwa bila mfanyakazi hata mmoja.

Kwa hawa hakuna njia ya mkato. Chagua, kwa mfano, biashara 200 za juu kwa mauzo, uwape watu wawili au watatu kazi ya kuzichora: kampuni mama, kampuni tanzu, matawi, nani anaajiri, nani anauza, ritani gani inabeba nini. Ramani hiyo ihifadhiwe kwenye rejesta ya biashara ikiwa na tarehe ya kuanza na ya kukoma kwa kila uhusiano, na ipitiwe kila mwaka. Ni kazi ya mkono, na thamani yake haionekani kwenye idadi ya rekodi. Inaonekana kwenye jumla.

Mauzo ya kampuni ukitaka kuyagawa kwa mikoa, wengi hutumia idadi ya wafanyakazi wa kila kituo. Inafaa kwa maduka yanayofanana. Kwa kiwanda chenye ofisi ya mauzo mjini haifai, na kama orodha ya mishahara inamweka kila mfanyakazi makao makuu, usichapishe kwa mkoa kabisa.

Hatua ya 7: Unganisha vyanzo

Panapokuwa na namba ya pamoja, itumie, kisha hakiki: je, majina yanafanana angalau kidogo? Namba iliyokosewa tarakimu moja inaweza kuwa namba halali ya mtu mwingine.

Pasipokuwa na namba, unabaki na jina na anwani. Yasawazishe kwanza: herufi kubwa zote, ondoa nukta na alama, ondoa maneno yanayojirudia kama "Limited", "Company" na vifupisho vyake, tenganisha jina la barabara na sanduku la posta. Halafu punguza jozi za kulinganisha. Orodha ya 50,000 ikilinganishwa na ya 80,000 ni jozi bilioni 4. Ukilinganisha ndani ya wilaya moja na herufi tatu za kwanza tu, zinashuka hadi kiasi ambacho kompyuta ya kawaida inamudu. Fanya mzunguko wa pili kwa kigezo kingine, mathalani namba ya simu, ili kumwokoa aliyekosewa herufi ya kwanza.

Kila jozi ipewe alama. Nadharia ya Fellegi na Sunter ya mwaka 1969 bado ndiyo msingi: kufanana kwa jina adimu kuna uzito kuliko kufanana kwa jina la kawaida, na kunahitajika mipaka miwili, si mmoja. Juu ya mpaka wa kwanza unakubali, chini ya wa pili unakataa, katikati mtu anatazama kwa macho. Chukua jozi 200 kwa nasibu kati ya zilizokubaliwa na 200 kati ya zilizokataliwa karibu na mpaka, uzihakiki, na uandike kiwango cha makosa cha kila upande.

Hali moja ihesabiwe peke yake. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa jina lake akianzisha kampuni, anapata namba mpya. Kwenye data, biashara moja imekufa na nyingine imezaliwa siku hiyohiyo. Ukiacha hivyo, takwimu za biashara mpya zitajaa biashara za miaka kumi. Orodha ya mishahara ndiyo inayoumbua jambo hili: kama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa namba ya zamani wanaonekana chini ya namba mpya mwezi unaofuata, na shughuli ni ileile, ihesabu kuwa imeendelea. Kwa biashara zenye wafanyakazi chini ya watano kigezo hicho ni dhaifu, tumia anwani na simu.

Hatua ya 8: Weka msimbo wa shughuli upya

Uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi, ISIC, katika toleo la 4 una sehemu 21, divisheni 88, makundi 238 na madaraja 419. Msimbo unaokuja na kumbukumbu za kiutawala mara nyingi uliandikwa siku ya usajili, pale mwenyewe alipokuwa bado hajui atauza nini.

Biashara yenye shughuli kadhaa huainishwa kuanzia juu kwenda chini. Tuseme thamani iliyoongezwa (mauzo ukitoa gharama ya bidhaa na huduma zilizonunuliwa kuyazalisha) imegawanyika hivi: utengenezaji wa vyakula asilimia 25, samani 20, bidhaa za chuma 10, biashara ya jumla 35, usafirishaji 10. Anayetazama fungu kubwa kuliko yote atasema ni biashara ya jumla. Lakini utengenezaji kwa ujumla ni asilimia 55, kwa hiyo sehemu ni utengenezaji, na ndani yake divisheni ni vyakula. Thamani iliyoongezwa huwa haipo kwenye ritani, nawe utalazimika kutumia mauzo badala yake. Hapo shughuli za kuuza bidhaa hukuzwa kupita kiasi na nyingine hupunjwa: mauzo ya duka ni makubwa, ila sehemu kubwa yake ni gharama ya bidhaa yenyewe. Tumia tofauti kati ya mauzo na manunuzi ya bidhaa za kuuzwa pale unapoweza kuipata.

Usibadilishe msimbo kila robo. Shughuli mpya iwe imeongoza kwa miaka miwili mfululizo ndipo ubadilishe, la sivyo biashara chache zitarukaruka kati ya safu mbili na kuziyumbisha zote mbili.

Hatua ya 9: Sawazisha maana na vipindi

Ondoa kwenye mauzo kile ambacho si mauzo ya shughuli: kuuza jengo, mashine au gari la ofisi. Ritani nyingi hukijumlisha humohumo, na mwezi mmoja unapanda bila sababu. Kichujio rahisi ni kuruka kwa ghafla kusikoambatana na ongezeko la manunuzi wala la wafanyakazi. Hakikisha kama kiasi kina VAT ndani yake au la. Wakala anayeuza kwa niaba ya mwingine anaweza kuandika bei kamili wakati mapato yake ni kamisheni tu. Malipo ya awali, hasa kwenye ujenzi, huingia kwenye ritani siku ankara inapotolewa au fedha inapopokelewa, ilhali hesabu za taifa zinafuata kazi inapofanyika.

Kwa orodha za mishahara, kumbuka kwamba zinahesabu nafasi za kazi. Mtu mwenye waajiri wawili yumo mara mbili, mwenye biashara asiyejilipa mshahara hayumo, na aliyefanya kazi siku mbili anaonekana sawa na aliyemaliza mwezi, isipokuwa fomu inataja siku.

Kipindi kinadai hesabu. Uingereza, ambako ritani za VAT ziliingizwa kwenye makadirio ya pato la taifa kuanzia Desemba 2017, biashara nyingi hujaza kwa robo mwaka, lakini robo hizo huishia miezi tofauti kwa makundi matatu. Chukua biashara iliyouza 120 kati ya Novemba na Januari, na 90 kati ya Februari na Aprili. Ukitaka robo ya Januari hadi Machi na ukagawa sawasawa, Januari inapata 40, Februari na Machi 60, jumla 100. Kama ni duka, umeisogeza Desemba ndani ya mwaka mpya. Tafuta biashara za shughuli hiyohiyo zinazojaza kila mwezi. Kama kwao Januari hubeba asilimia 25 ya miezi mitatu hiyo, Januari inapata 30 na jumla inakuwa 90. Tofauti ya kumi kwa mia inatosha kugeuza kukua kuwa kushuka.

Hatua ya 10: Jazia waliochelewa

Waliowasilisha mapema hawafanani na waliochelewa. Wanaodai kurejeshewa kodi, wauzaji wa nje wakiwemo, huwahi. Wenye shida ya fedha huchelewa. Ukiwajazia waliochelewa kwa mwenendo wa waliowahi, makadirio ya kwanza yataegemea upande mmoja, na utasahihisha kuelekea upande uleule robo baada ya robo. Hiyo ndiyo dalili ya kuitazama kwenye zile picha za siku ya 45 na 90.

Gawa biashara kwa shughuli, ukubwa na tabia ya uwasilishaji. Ndani ya kila fungu chukua zilizowasilisha robo zote mbili. Tuseme ni 180, ziliuza milioni 4,500 robo iliyopita na milioni 4,860 robo hii: uwiano ni 1.08. Biashara ya fungu hilo iliyouza milioni 50 na haijawasilisha inajaziwa milioni 54. Shughuli yenye msimu linganisha na robo kama hiyo ya mwaka jana. Toa kwanza biashara mbili au tatu zenye mabadiliko ya ajabu, zisibebe fungu zima. Kwa zile 200 kubwa usijazie kwa fomula. Piga simu.

Kabla ya kujazia uliza kama biashara bado ipo. Kuna mshahara uliolipwa? Kuna tamko forodhani? Hakuna chochote na robo mbili zimepita bila ritani: acha kujazia. Ofisi zisizoweka ukomo huu hujikuta zinakuza mauzo ya biashara zilizofungwa zamani.

Hatua ya 11: Wasiomo

Chini ya kiwango cha usajili wa VAT kuna biashara nyingi mno, na hata juu yake ziko shughuli zenye msamaha, mara nyingi fedha, elimu na afya. Biashara isiyosajiliwa popote haionekani kwenye kumbukumbu yoyote, na hakuna ujanja wa kompyuta utakaoiumba. Njia ya kweli ni utafiti mdogo wa sampuli kwa sehemu hiyo tu, ikiwemo sampuli ya maeneo ambapo wadadisi wanatembea na kuorodhesha mlango kwa mlango. Kama fedha za utafiti huo hazipo, badilisha jina la takwimu: andika "biashara zilizosajiliwa kwa VAT" kwenye kichwa cha jedwali, siyo kwenye tanbihi.

Kiwango cha usajili kikipandishwa, maelfu ya biashara hutoweka siku moja. Endelea kuhesabu mfululizo wa zamani na mpya sambamba kwa biashara zilizo juu ya kiwango kipya, utenganishe anguko la sheria na anguko la uchumi. Tarajia pia biashara nyingi zinazotangaza mauzo chini kidogo tu ya kiwango.

Hatua ya 12: Linganisha na utafiti, biashara kwa biashara

Kabla ya kuacha dodoso, endesha vyanzo viwili pamoja kwa robo nane. Robo nne zinakuonyesha kila msimu mara moja tu, na mara moja haithibitishi kitu. Usiridhike na jumla kukaribiana, maana makosa makubwa mawili yanaweza kufutana. Kwa kila biashara iliyomo kwenye vyote viwili gawa mauzo ya ritani kwa mauzo ya dodoso, uangalie mediani (thamani ya katikati) na mtawanyiko wa uwiano huo kwa kila shughuli. Mediani ikiwa karibu na 1 na mtawanyiko mdogo, shughuli hiyo iko tayari. Ikiwa 1.6 kwa mawakala, umeikuta bei kamili badala ya kamisheni. Ikiwa imetawanyika hovyo, rudi hatua ya 6. Hamisha shughuli zilizo tayari, nyingine zisubiri. Hakuna sheria inayotaka zote zihame siku moja.

Hatua ya 13: Ficha, kisha chapisha

Majina na namba halisi viondolewe mapema, mara baada ya kuunganisha, na kuwekwa funguo za bandia. Jedwali la kuoanisha likae kwa mtu asiyefanya uchambuzi. Ila wale wanaohakiki biashara kubwa watahitaji majina, nao wapewe kwa idhini iliyoandikwa.

Kwenye jedwali, seli yenye biashara chini ya tatu isionyeshwe. Hiyo peke yake haitoshi. Chukua seli yenye jumla ya 980: ya kwanza 600, ya pili 350, zilizobaki zote 30. Mwenye biashara ya pili akiondoa yake anabaki na 630, na amemkisia mshindani wake kwa kukosea asilimia 5 tu. Ukiwa umeweka mpaka kwamba mtu asiweze kukisia kwa kukosea chini ya asilimia 10, seli hiyo inafichwa. Ficha na seli nyingine kwenye mstari uleule, na nyingine kwenye safu ileile, vinginevyo ya kwanza itapatikana kwa kutoa.

Pamoja na namba chapisha asilimia ya mauzo iliyotoka kwenye ritani na iliyojaziwa, tarehe ya picha ya data, wasiomo ni akina nani, na wastani wa masahihisho ya robo zilizopita. Kwa matumizi ya ndani weka daftari la mabadiliko: kila sheria mpya, fomu mpya, mfumo mpya wa kuwasilisha, msamaha wa adhabu na tarehe ya mwisho iliyosogezwa, pamoja na siku ilipoanza. Mauzo yakiruka, daftari hilo lifunguliwe kabla mtu hajaandika sentensi yoyote kuhusu uchumi.